Mhasibu wa Mikono ya Watoto

Kwa misimu mitatu mwanamke huyu alikaa nyuma ya wavu wa uwanja wa besiboli huko Newburg, upande wa kusini-mashariki wa Louisville, jimbo la Kentucky, Marekani, na sidhani kama kuna mechi hata moja ambayo alijua nani ameshinda. Watu wakipiga makofi, wazazi wakikumbatiana, yeye alinigeukia na kuniuliza, "Wamemaliza?" Nikimwambia wamemaliza, alikunja kiti chake, akatia kidude chake cha kuhesabia ndani ya pochi pamoja na dawa za presha, akaenda kumtafuta mtoto aliyekuwa akirusha mpira. Pengine mtoto mwenyewe alikuwa amefungwa vibaya na macho yamevimba kwa kulia. Yeye hayo hayakumhusu. Alimshika mkono kama mtu anayechagua muhogo sokoni, akaukunja, akaukunjua, akaubonyeza penye kiwiko, kisha akatoa hukumu: "Vizuri. Siku tatu usiguse kitu."

Tulimwita Mama Mhasibu. Mwanzoni tulimwita hivyo kwa kumcheka, baadaye kwa mazoea. Mimi namwita hivyo leo kwa heshima, lakini heshima yangu ilikuja kwa kuchelewa, kama mambo yangu mengi.

Kwa msomaji asiyeujua mchezo wenyewe, niseme tu kwamba katikati ya uwanja husimama mtoto mmoja anayerusha mpira, na mbele yake mwingine mwenye gongo anayejaribu kuupiga. Mambo yote yanamtegemea mrushaji. Timu ikiwa na mrushaji mzuri inashinda. Kwa hiyo watu wazima wenye akili zao, wenye kazi na madeni ya nyumba, wako tayari kumrushisha mtoto huyo mmoja asubuhi, mchana na jioni mpaka mkono umshinde. Ndiyo maana ligi za watoto zikaweka sheria. Mtoto wa umri fulani ana idadi yake ya mipira kwa siku. Akiifikia, anatoka. Na kadiri alivyorusha mingi, ndivyo atakavyopumzika siku nyingi kabla ya kurusha tena. Ni sheria fupi na ya busara, na kama sheria zote za namna hiyo, ilihitaji mtu wa kuchukiwa.

Huyo mtu alipatikana hivi. Mwanamume aliyesimamia uwanja aliuliza, mwanzo wa msimu, nani atajitolea kuhesabu. Wazazi wote walitazama viatu vyao. Mama mmoja wa Kirundi, mkimbizi kama wengi wetu, aliyekuja kumtazama mjukuu wake na ambaye Kiingereza chake kilikuwa "good morning" na "no problem", alinyoosha mkono juu kabisa. Baadaye nilimuuliza kwa nini alikubali kazi asiyoijua. Akanitazama kana kwamba mimi ndiye mgeni wa dunia.

"Nilidhani wanagawa kitu," alisema. "Kambini, mzungu akiuliza nani, unanyoosha mkono kwanza. Swali utalielewa baadaye."

Swali alilieleweshwa na mimi. Nilikuwa karibu, nilikuwa nimemaliza shule ya sekondari Uvira, kule Kongo, zamani, na wakati huo nilikuwa mzee asiye na kazi tangu kiwanda kilipoushinda mgongo wangu. Nilimsomea ile sheria mstari kwa mstari na kuitia katika Kiswahili. Alisikiliza akiwa amefumba macho, kama wanavyosikiliza Neno kanisani. Nilipofika kwenye siku za mapumziko alifumbua.

"Wameandika hivyo? Kwamba mtoto apumzike?"

"Ndiyo, Mama."

"Na asipopumzika?"

"Timu inanyang'anywa ushindi."

Alicheka kwa furaha ambayo sikuwahi kuiona kwake kabla ya hapo. "Hawa watu," alisema, "wanajua pa kumfinya mtu."

Kambini, kule Tanzania alikokulia na kuzalia watoto wake, aliwahi kuchaguliwa kuwa katika kamati iliyosimamia mgao wa chakula. Kazi yake ilikuwa kusimama kando ya mpimaji wa unga. Wenzake walitazama kibaba, yeye alitazama kiwiko. Alinieleza kwamba kibaba kinaweza kujaa mbele ya macho yako na bado ukaibiwa, lakini kiwiko hakijui kudanganya. Mtu akitaka kupunja, kiwiko kinashuka kidogo kabla ya mkono kutingishika. Akaja Louisville na macho yale yale. Katika misimu mitatu hakuuona mpira ulikokwenda. Aliona viwiko tu.

Ningependa kusema kwamba alihesabu vizuri. Hapana, hesabu yake haikuwa sahihi hata siku moja. Alihesabu mipira ya kupasha mwili moto, ambayo sheria haiihesabu. Alihesabu mrushaji akimrudishia mwenzake mpira. Siku moja alimhesabia mtoto aliyetupa chupa ya maji kwenye pipa la taka. Makocha walikuja juu, karatasi mikononi, na mimi nikawa mkalimani wa ugomvi.

"Mwambie huyu mama mtoto wangu amerusha hamsini, si sitini na tatu."

"Mama, anasema ni hamsini."

"Mwambie nami nina macho."

"Anasema umehesabu na chupa."

"Chupa ilirushwa na nani? Na mguu?"

Mpaka leo sijui kwa nini makocha walishindwa naye. Labda ni kofia. Alikuwa anakuja uwanjani amevaa kofia yake ya kanisani, ya zambarau, yenye ua ubavuni, na anakaa wima, kidude mkononi. Kumbishia kulikuwa kama kumbishia mama wa mtu. Kocha mmoja mzee, mwenyeji wa hapo Newburg, alichoka akasema heri watoto wake wapumzishwe siku moja zaidi kuliko yeye kusimama tena mbele ya kofia ile.

Mapumziko aliyachukua kwa maana ambayo walioiandika sheria hawakuifikiria. Imeandikwa mrushaji apumzishe mkono; basi mkono upumzike. Alipita nyumba kwa nyumba katika yale majengo ya kupanga tuliyokaa karibu wote, Wakongomani na Warundi, akikagua. Akimkuta mrushaji wake amebeba mfuko wa mchele kutoka garini, alimpokonya na kumpa mama yake aubebe. Kanisani, wimbo ukipamba moto na watu wamenyoosha mikono, alimwendea kijana aliyerusha Jumamosi, akaushusha mkono wake wa kulia taratibu, akamwinulia wa kushoto. Mchungaji aliona mkono wa kushoto peke yake ukimsifu Mungu katikati ya umati, akapoteza mstari wa mahubiri. Baada ya ibada akamwita.

"Mama, tutasema nini kwa Bwana?"

"Bwana alipumzika siku ya saba mwili mzima, Mchungaji. Mimi naomba mkono mmoja."

Ila vita vyake vikubwa vilikuwa vya sombe. Sisi hatuli majani ya muhogo mpaka yametwangwa, na ingawa dukani yanauzwa yaliyokwisha kusagwa na kugandishwa, wake zetu wengi wanasema hayo ni nyasi. Kwa hiyo Jumamosi, watoto wakitoka uwanjani, kinu kilikuwa kinawangoja. Mama Mhasibu alisimama mlangoni kwa mwanangu, akamkuta mjukuu wangu Riziki ameshika mchi.

Riziki alikuwa na miaka kumi na miwili. Alicheza softiboli, ambao ni mchezo ule ule kwa wasichana, isipokuwa mpira ni mkubwa na mrushaji anaurusha kwa chini, akizungusha mkono duara zima kutoka juu ya kichwa hadi nyongani. Nimeona vitu vingi maishani na vingi ningependa kuvisahau. Mkono wa mtoto yule ukizunguka ni kimoja ambacho bado nakiona nikifumba macho.

"Weka mchi chini," Mama Mhasibu alisema.

Mkwe wangu alitoka jikoni anafuta mikono. Yeye ni wa Bukavu, Kiswahili chake ni cha kule na kina Kifaransa ndani, na hapendi kuingiliwa. "Mama, karibu. Bon, iko nini tena?"

"Huyu amerusha leo. Kutwanga ni kurusha. Ni mkono ule ule, unapanda, unashuka."

"Donc mimi nitatwanga peke yangu? Nimeamka saa kumi na moja, nimeogesha bazee ba watu kutwa nzima, niko na mgongo wa kuazima."

"Mtoto ana mkono wa kuazima pia. Ni wa ukubwani, ameuazima kwa sasa."

"Mama, uyu mtoto iko na mikono mbili."

"Basi atwange na wa kushoto."

Riziki, ambaye akizungumza nasi alijibu kwa Kiingereza siku zote, alisema kwa Kiswahili safi kuliko nilivyowahi kumsikia: "Mama, sheria ni sheria." Akaweka mchi chini na kwenda kutazama televisheni. Siku ile Mama Mhasibu alipata mfuasi. Wasichana wote wa jengo letu waligundua kwamba wanapenda softiboli.

Na hapa ndipo nilipomsahihisha. Niliona inafaa, kwa kuwa nilikuwa msomi wa jengo. Nilimwambia, mbele ya mkwe wangu, kwamba kazi yake haiwahusu wasichana. Ile idadi ya mipira na zile siku za kupumzika ziliwekwa kwa wavulana wa besiboli. Katika softiboli ligi yetu haikuhesabu hivyo, kwa sababu wataalamu wa uwanjani walisema kurusha kwa chini ni mwendo wa asili, mkono hauchoki.

"Mkono wa msichana hauchoki," alirudia.

"Ndivyo wanavyosema."

"Umewauliza wanawake?"

Nilicheka. Nilikuwa sahihi, kitu kilikuwa kimeandikwa, na mimi nilikuwa nimekisoma. Makosa yangu mengi yameanza nikiwa sahihi.

Aliendelea kuwahesabu wasichana bila kutumwa na mtu. Alikuwa akimaliza mechi ya wavulana, anabeba kiti, anahamia uwanja wa pili. Huko hakuwa na mamlaka yoyote. Idadi ikifika pale alipoona imetosha, alisimama tu na kusema kwa sauti, "Imetosha," na mchezo ukaendelea kana kwamba mbwa amebweka mtaa wa pili. Alikaa tena, akasubiri mtoto mwingine.

Sitaki mtu adhani namchora malaika. Alikuwa mbishi na mwenye majivuno, na kama kuna mtu aliyekuwa haijui maana ya kupumzika, ni yeye. Alifanya kazi kwenye ghala kubwa karibu na uwanja wa ndege, anachukua vitu kwenye mkanda na kuvipanga rafuni, mkono wa kulia ukienda juu na kurudi zamu nzima. Walipotaka watu wa ovataimu, alinyoosha mkono kwanza, kama kawaida yake. Mwaka wa pili wa kuhesabu kwake, bega lile lilikuwa halifiki tena kwenye kofia. Alivaa kofia kwa mkono wa kushoto, nayo ikawa inakaa upande. Nikamtania.

"Mama, na wewe sheria yako iko wapi? Siku tatu usiguse kitu."

"Mimi sina ligi," alisema.

Alikuwa na misemo ya namna hiyo. Alisema mtoto hasemi "nimechoka", mtoto husema "bado moja". Alisema mkono hauumii siku unayoutumia, unaumia siku unayouhitaji. Alisema pia kwamba Fanta ya machungwa inashusha presha, na kwamba wenye mashavu marefu hawafai kurusha, kwa hiyo usidhani kila lililotoka kinywani mwake lilikuwa hekima. Kukubali kosa hakukujua. Mjukuu wake mwenyewe alimpumzisha mara nyingi hivi kwamba kijana aliacha besiboli akaingia kwaya, na yeye alijivunia hilo kama daktari anavyojivunia mgonjwa aliyepona.

Kiangazi cha mwaka 2015 Riziki alichukuliwa na timu ya kusafiri. Hizi ni timu za watoto wenye vipaji, zinazokwenda mji baada ya mji mwisho wa wiki, na huko kila mashindano yana kanuni zake, na ya Jumamosi hayaulizi ya Ijumaa. Mwanangu na mkewe walikuwa kazini. Dereva nilikuwa mimi. Aliyetia saini fomu nilikuwa mimi. Aliyesimama kando ya kocha akiitika "yes, yes" nilikuwa mimi pia, na nilivaa shati lenye jina la timu mgongoni kama mtu aliyezaliwa hapo.

Mashindano yalikuwa Columbus, jimbo la Ohio. Mama Mhasibu alisikia, akaomba lifti: alikuwa na mpwa wake anayesoma kule, amepanga chumba karibu na chuo kikuu, mtaa wenye wanafunzi wengi wa kutoka kwetu. Njia nzima aliimba tenzi na Riziki akaweka vidude vya muziki masikioni. Nilimshusha kwa mpwa wake, nikadhani nimeachana naye mpaka Jumapili jioni.

Jumamosi Riziki alirusha mechi zote. Sikuhesabu. Wakati huo nilikuwa nikihesabu makofi. Wazazi ambao hawakuwahi kujua jina langu waliniita "Grandpa" na kuniletea viazi vya kukaanga. Mzee mmoja alinishika bega akasema mtoto huyu atasoma chuo bure kwa mkono huu. Nilirudi kwenye gari nikiwa mrefu kuliko nilivyotoka.

Jumapili saa nne asubuhi nilimwona Mama Mhasibu akija kwenye nyasi na kofia yake, mpwa wake nyuma amebeba kiti. Katika miaka yote niliyomjua hakuwahi kukosa ibada. Aliketi nyuma ya wavu bila kunisalimu. Riziki alikuwa akirusha tangu mapema. Alipotoka uwanjani kunywa maji niliona ameshika chupa kwa mkono wa kushoto. Niliona, sitasema sikuona.

Mama Mhasibu alinifuata penye uzio. Aliniita kwa adabu kama siku zote.

"Baba, mtoto ametosha."

"Mama, ni nusu fainali."

"Sijui hiyo ni nini. Kiwiko chake kinashuka kabla ya kurusha. Anajipunja mwenyewe."

"Amesema hajambo. Nimemuuliza."

"Umemuuliza mbele ya nani?"

Nilikuwa nimemuuliza mbele ya kocha na timu nzima. Riziki alisema, "I'm good, Babu," na kila mtu akampigia makofi, mimi nikiwa wa kwanza.

Wazazi wa timu walikuwa wameanza kututazama, mzee mwenye shati la timu na mwanamke mwenye kofia ya ua. Niliona aibu. Si aibu ya mtoto, aibu ya kofia. Nikamwambia kwa sauti ambayo nilijitahidi iwe ya upole, jambo linaloifanya iwe mbaya zaidi:

"Mama, hapa huna kazi. Hapa hakuna aliyekuomba kuhesabu."

"Ni kweli," alisema. Akarudi kwenye kiti chake, akaketi, na nilimwona kidole gumba chake kikiendelea kubonyeza kile kidude, mpira kwa mpira.

Timu yetu ilishinda nusu fainali. Katika fainali, mapema tu, Riziki alizungusha mkono na mpira ukaanguka karibu na miguu yake. Hakulia. Aliushika mkono wake wa kulia kwa wa kushoto, akaubeba kifuani kama mtu aliyebeba kuku, akaja moja kwa moja. Nilifungua mikono. Alinipita, akaenda kwenye kile kiti nyuma ya wavu.

Daktari alisema mengi na mimi nilielewa machache: umetumika kupita kiasi, mifupa bado inakua, usirushe. Hakusema siku tatu. Msimu ulipita, ukapita wa pili. Mwaka wa kwanza hakuweza kujisuka nywele, mkono haukukaa juu kwa muda huo wote. Mama yake alimsuka. Aliacha kuja kunisalimu chumbani anapotoka shule. Hakuninunia, watoto wa hapa hawanuni kama sisi. Alikuwa na adabu tu. Kwa mtu aliyewahi kurukiwa shingoni, adabu ni nzito.

Na Mama Mhasibu? Nilitegemea anitangaze kanisani. Nilikuwa tayari, nilikuwa hata nimeandaa la kujibu. Hakusema neno kwa mtu. Alikuja nyumbani, akamkuta mkwe wangu, akaketi, akatwanga sombe ya nyumba nzima kwa lile bega lake bovu, akaondoka. Mkwe wangu alijaribu kumnyang'anya mchi na hakuweza. Mimi nilikuwa chumbani nikisikiliza kinu, nikingoja kinyamaze ili nitoke.

Mwaka uliofuata mwanawe alimhamishia kwake Kenmore, mji mdogo uliopo kaskazini mwa Buffalo, jimbo la New York. Uwanja wa Newburg ulipata mhesabu mwingine, kijana wa shule mwenye simu, hesabu yake haikosei hata kwa mpira mmoja na hakuna anayemwogopa.

Nilimwona tena kiangazi cha 2017. Tulikwenda Buffalo kwa harusi ya binamu wa mkwe wangu, na Jumapili mchana nikasema nipite kumsalimu. Riziki alisema atakuja nami. Nilishangaa, lakini nilikuwa nimejifunza kutouliza. Ndani ya gari nilijua jambo moja tu, ambalo mama yake alikuwa ameniambia: daktari amemruhusu kuanza kurusha pole pole, shule inataka wachezaji, na mtoto amekataa kurusha mbele ya mtu yeyote wa nyumbani. Anaogopa, alisema mama yake. Haogopi kuumia. Anaogopa watu watakavyofurahi.

Mama Mhasibu tulimkuta nyuma ya nyumba, ameketi kwenye ngazi ya mlango wa jikoni. Bega lilikuwa limepasuliwa hatimaye. Mkono wa kulia umefungwa kifuani kwa kitambaa. Amekonda, nywele nyeupe, kichwa wazi. Tulisalimiana kwa muda mrefu, kama inavyotakiwa, tukaulizana habari za kila mtu aliye hai na wengine waliokufa.

"Wamekupumzisha kwa nguvu," nilimwambia.

"Mwanangu ni mkali," alisema. "Sijui amerithi wapi."

Riziki alikuwa amesimama. Akafungua begi lake na kutoa mpira na glavu mbili. Sikujua vilikuwemo. Akasema, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Bibi, unaweza kunihesabia?"

"Nani atadaka?"

Hapakuwa na mtu mwingine. Riziki alinitupia glavu bila kunitazama sana. Niligeuza ndoo karibu na uzio, nikaketi, na mgongo wangu ukalalamika.

Mpira wa kwanza ulikuja taratibu na bado uliniwasha kiganja. Wa pili ulikuwa na haraka. Sikuthubutu kusema chochote. Niliangalia kile kiwiko, nikijaribu kuona alichokiona Mama Mhasibu kwa miaka yote ile, na sikuona kitu, niliona mjukuu wangu anarusha. Mama Mhasibu alihesabu kwa sauti kutoka kwenye ngazi kwa utaratibu wake. Moja. Mbili. Nne. Riziki aligeuza uso kuficha kicheko. Ule wa sita ulikuja na sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwa miaka miwili, na uso wa mtoto ukafunguka, akawa wa miaka kumi na miwili tena, na mimi, Mungu anisamehe, nilitamani kupiga makofi. Nikaubana mkono ndani ya glavu.

Akarusha mwingine.

"Kumi," alisema Mama Mhasibu. "Imetosha."

"Bibi, ni saba."

"Kumi."

"Bado moja tu." Alikuwa anahema na anatabasamu. Kisha akanigeukia, na tabasamu likabaki nusu. "Babu. Ni saba, sivyo? Umehesabu?"

Nilikuwa nimehesabu. Ilikuwa saba.

"Ni kumi," nilisema.

Mama Mhasibu aligeuza kichwa polepole, akanitazama kama alivyowatazama, nadhani, wale wapimaji wa unga.

"Ni saba, Baba," alisema. "Usimdanganye mtoto."

"Mama, si wewe umesema kumi?"

"Mimi nimesema. Mimi sikumpeleka Columbus." Akajiweka sawa kile kitambaa cha bega. "Wewe mwambie imetosha. Mwambie bila hesabu."

Riziki alikuwa bado amesimama na mpira, ananingoja. Nilitafuta sababu ya kumpa, kitu kilichoandikwa mahali, na sikukipata.

"Riziki," nilisema, "imetosha."

Kisha akauhamishia mpira mkono wa kushoto, akautupa kwenye nyasi.